Maboya ya Kabula: Kutoka Nyasubi Hadi Kisiwani na Kurudi

Tangu nirudi sijashona kochi hata moja kwa utulivu. Kila anayepita kibandani kwangu hapa Nyasubi, Kahama, anavuta benchi na kuuliza, "Haya Baba Kulwa, huko ziwani ilikuwaje?" Nikianza kueleza, mteja anaingia, habari inakatika katikati, na aliyesikia nusu anaondoka nayo mpaka sokoni. Juzi nimeambiwa kwamba nilizama. Sikuzama. Ndiyo maana nimeamua kuyaandika yote tangu mwanzo, msome wenyewe, mniache nifanye kazi.

Kazi yangu mnaijua: makochi, viti vya magari, siti za bodaboda na maturubai ya malori. Ambalo wengine hamlijui ni kwamba nina mdogo wangu, Kabula, aliyeolewa na mvuvi na kuhamia kisiwani, ng'ambo ya Nkome. Mumewe, Masalu, alienda na wenzake kuvua dagaa mwaka jana, upepo ukawakuta, mtumbwi ukajaa maji, naye hakuonekana tena. Sisi tulikaa matanga kwa mama yetu huko Songwa bila mwili wala kaburi. Kabula hakuja. Alisema kwenye simu kwamba hapandi tena mtumbwi, na kwa kuwa kisiwani hakuna njia nyingine ya kutokea, tukaelewa maana yake.

Halafu siku moja akanipigia, bila hata kuniuliza habari za watoto.

"Kaka, unaweza kushona kitu cha kumfanya mtu aelee?"

"Naweza kushona chochote," nikamjibu.

Jibu hilo lilinitoka kirahisi sana. Nilikata turubai la rangi ya chungwa, nikatengeneza vizibao vyenye mifuko mbele na nyuma, mifuko nikaijaza sponji ya godoro, na pembeni nikaweka kamba za kufunga. Wavuvi huita kitu hicho boya, nami nitaliita hivyo. Nilipomaliza nikayafunga yote kwenye robota moja kubwa, nikabeba na mfuko wa mchele na michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, ya kumpelekea dada, nikaenda stendi.

Kahama hadi Kakola

Robota lilikataa kuingia kwenye buti la basi, konda akalipandisha juu ya keria. Kipande kimoja cha turubai kilikuwa kimechomoza, na rangi ile ya chungwa iliniletea watu kabla basi halijaondoka. Huku kwetu mtu akiona kizibao cha rangi hiyo anafikiria mgodi tu. Kijana mmoja akaniuliza kama naajiri. Mwingine akataka kujua ni kampuni gani inagawa vifaa.

"Ni vya ziwani," nikasema.

"Kuna mgodi ziwani?"

Aliyekaa nami kiti kimoja alikuwa mchimbaji mdogo, jina lake Shija, mwanaume wa makamo, mpole, mwenye kucha zilizokwisha kwa mawe. Alikuwa anarudi kwenye duara lao karibu na Geita. Duara ni shimo wanaloshuka kutafuta dhahabu. Nilipomweleza safari yangu hakucheka. Aliniuliza tu kama mimi mwenyewe najua kuogelea.

"Sijui."

"Mimi pia sijui. Ila mimi nikiangukiwa na shimo, wenzangu watachimba. Watachimba hata wiki nzima, mpaka wanipate." Akatazama nje. "Huko ziwani wanachimba wapi?"

Nilimpa michembe, tukatafuna.

Kabla ya kufika Kakola mvua ikatukuta. Haikuwa mvua ya kupita. Kwenye njia ya mchepuko lori la mizigo lilikuwa limelala ubavu kwenye tope, na nyuma yake magari yamepangana kama ng'ombe kwenye mlango wa josho. Tukazima injini. Kina mama wa kijiji cha jirani wakajitokeza chini ya miavuli, wakiwa na mabeseni ya mahindi ya kuchoma na viazi vitamu vya moto, wakatembea dirisha hadi dirisha wakituita "wajomba" na kutuuliza kwa nini tunakimbilia Geita wakati kwao kuna chakula. Abiria mmoja alikuwa mchungaji, akaanzisha wimbo. Abiria mwingine akamwomba angoje kwanza mvua ipungue, tusisikie kelele mbili. Hata mchungaji alicheka.

Lori liliponyanyuliwa, tairi la basi letu nalo likazama, na dereva akatutaka tushushe mizigo ya juu ili gari liwe jepesi. Nikapanda ngazi ya nyuma kulishusha robota langu. Nyumbani nilikuwa nimelibeba begani peke yangu. Sasa halikutikisika.

Shija akapanda kunisaidia. Akalishika, akalitingisha, akanitazama.

"Mzee, umeniambia ni maboya. Mbona umebeba mawe?"

Tulilishusha kwa kulivingirisha. Lilipogusa ardhi, maji yakaanza kutoka kwenye mishono, yakatiririka mpaka kwenye viatu vyetu. Nilifungua kamba na kutoa boya moja. Lilining'inia mkononi mwangu kama mbwa aliyenyeshewa. Pembeni ya barabara palikuwa na shimo walilochimba watengeneza barabara, limejaa maji ya mvua. Nikalitupa boya humo. Likakaa juu kwa muda wa kumeza mate mara mbili hivi, kisha likainama upande mmoja na kwenda chini taratibu, bila fujo yoyote.

Jamani, nimeshona miaka mingi. Nimewahi kukosea kipimo, nimewahi kupasua kitambaa cha mtu. Lakini pale pembeni ya barabara nilichuchumaa. Sponji ya godoro hunywa maji. Mtoto yeyote aliyewahi kuosha vyombo analijua hilo. Mimi nilifikiria ulaini wake na wepesi wake tu. Bila mvua ile ningefika kisiwani, ningemvalisha mwanaume wa watu, angeniamini, na siku ambayo angelihitaji, boya lingemvuta chini kwa uzito wangu mimi.

"Nitarudi Kahama," nikamwambia Shija.

Alikuwa ameokota kijiti na kulivua lile boya shimoni. Akalikamua, akaligeuzageuza.

"Mshono wako mzuri," akasema. "Kibaya ni kilichomo ndani. Twende Geita, tutafute cha kuweka ndani."

Kalangalala

Tuliingia Geita jioni, tumelowa, na Shija akanipeleka Kalangalala kwenye nyumba ya wageni anayoifahamu. Asubuhi alinipitia kabla ya kuelekea kwenye duara lake na kunikabidhi kwa mama lishe anakokula kila awapo mjini. Anaitwa Mama Zawadi, mwenyeji wa Kigoma, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuamrisha.

"Shikamoo mama," Shija akamsalimu.

"Marahaba. Huyu nani umeniletea, mbona ana sura ya msiba?"

Nilimweleza mkasa wangu huku nikila chapati na maharage. Alinisikiliza huku akipakulia wateja wengine, kisha akaniuliza swali moja: kitu gani hakinywi maji na hakina uzito? Kabla sijajibu alikuwa ameshafungua mlango wa nyuma. Uani palikuwa na viroba vya chupa tupu za maji, zile ndogo za plastiki, vimerundikwa mpaka kwenye paa la choo. Wachimbaji wanakunywa, yeye anakusanya, na anayekuja kuzichukua kwa ajili ya kiwanda alikuwa hajaonekana kwa muda.

"Chukua. Zimenichosha. Panya wamehamia humo."

Nikajaza boya moja chupa zilizofungwa vifuniko vizuri, nikafunga kwenye kola yake tofali na kulitumbukiza kwenye pipa la maji. Likazama kidogo, likaibuka, likakaa juu na tofali lake likining'inia. Mama Zawadi alipiga kigelegele kilichowafanya wateja waache sahani zao na kuja kutazama.

Siku ile nzima nilikaa uani kwake. Nilifumua mishono yote, nikatoa sponji, nikagawa mifuko upya ili kila chupa ikae kwenye kijumba chake isigongane na nyingine. Sikuwa peke yangu. Wateja walikuja kula wakabaki kukaza vifuniko. Kila kifuniko nilitaka kikazwe na mtu mmoja na kujaribiwa na mtu wa pili kwa kuiminya chupa karibu na sikio. Ikitoa hewa, tunaitupa. Nilikuwa mkali kuliko nilivyowahi kuwa kwenye kochi la mtu yeyote.

Mchana likatokea jambo ambalo mmeshalisikia likiwa limepotoshwa. Ni kweli kwamba walikuja askari mgambo wawili. Mtu aliwaambia kuna mzee anashonea chupa ndani ya nguo, na pale mjini jambo kama hilo lina tafsiri moja tu: magendo ya dhahabu. Wakaingia uani wakiwa wamekunja sura, wakataka kila boya lipasuliwe. Mama Zawadi akawaongoza mpaka kwenye pipa, akalitupa boya ndani, akawatazama.

"Wanangu, dhahabu imeanza kuelea lini?"

Mmoja aliangua kicheko, mwenzake akafuata. Wakaagiza wali na sato, na yule mkubwa wao alipomaliza kula aliniuliza kisiwa gani naenda. Nilipomtajia, akasema kaka yake anavua huko. Aliondoka baada ya kukaza vifuniko kama wengine wote.

Nkome na majini

Nkome, ufukweni boti za visiwani zinakotokea, niliambiwa boti haliondoki mpaka upepo utulie. Upepo haukuwa na mpango wa kutulia. Nilikaa kwenye kibanda cha samaki, nikinywa chai ya rangi na kula sangara wa kukaanga, nikitazama ziwa lililokuwa limegeuka rangi ya kijivu. Mtu wa Kahama kama mimi huona ziwa kwenye picha likiwa bluu na limelala. Hili lilikuwa linapumua.

Hatimaye tukaitwa. Boti lilikuwa la mbao, la injini ya nyuma, limejaa magunia ya unga, kreti za soda, kuku, na watu. Nilivaa boya langu. Ni mimi peke yangu niliyevaa. Watu walicheka, nami nikacheka nao, maana nilijua nafanana na mtu aliyejifunga duka kifuani. Mwanaume mmoja akasema, "Mzee ameshaagana na watoto." Wakacheka tena.

Tulipofika mahali ambapo nchi kavu ilikuwa mstari tu nyuma yetu, mawimbi yakaanza kuingia ndani. Nahodha alipunguza mwendo na kuwaambia waliokaa pembeni wateke maji. Walitumia ndoo na sufuria. Hakuna aliyekuwa anacheka. Nikaona kitu ambacho sitakisahau: watu walianza kunisogelea. Walijisogeza tu kidogo kidogo kwenye benchi, mpaka yule aliyesema nimeagana na watoto akawa ameshika kamba ya boya langu kwa vidole viwili, kama mtu anayeshika kitu kwa bahati mbaya.

Mbele yangu alikaa mama mmoja na mtoto wa kike wa umri wa kuanza shule. Hakuniomba. Alinitazama tu, akaangalia pembeni. Nilifungua kamba, nikamvalisha mtoto lile boya; lilimfika magotini, nikalizungusha na kulikaza kwa kitenge cha mama yake. Robota lililobaki lilikuwa chini ya magunia ya unga, hakuna ambaye angelifikia. Nilijiona sina nguo. Niliushika ubao wa benchi na kuanza kuomba kwa Kisukuma, lugha ambayo sijaombea tangu utoto.

Tulifika. Tulikuwa tumelowa tu. Yule mama alinirudishia boya likiwa limekunjwa vizuri, akasema "Wabeja, baba," yaani asante, naye akaenda zake.

Kisiwani

Kabula alikuwa amesimama mbali na maji, juu karibu na vichanja vya kuanikia dagaa. Hakushuka kunipokea, nilipanda mimi kumfuata. Amepungua. Tulisalimiana, akanipokea mfuko wa mchele, akaunusa.

"Wa kwetu," akasema.

Jioni alinipikia ugali wa muhogo na kichwa cha sangara. Niliomba kipande cha mkia, nikidhani kichwa wamenipa kwa kukosa kingine. Majirani waliokuja kunisalimu wakatazamana. Kumbe kichwa ndiyo heshima, nami nimeirudisha jikoni. Kabula akasema kwa sauti, "Msameheni, kwao samaki huja akiwa mkavu," wakacheka, nami nikala kichwa chote, hata macho.

Kesho yake wanawake wa kisiwani walinizunguka. Ndipo nilipoelewa kwamba hawakuwa wamemwomba Kabula fundi wa kuwashonea. Walitaka fundi wa kuwafundisha. Walikuwa na cherehani mbili, na chupa zilizoachwa ufukweni zilikuwa nyingi kuliko za Mama Zawadi. Tulikata, tukashona, wakashika kazi upesi. Nikawaambia wazi kwamba hili si boya la kiwandani, chupa zitachoka kwa jua na lazima zikaguliwe na kubadilishwa, na siku tukipata sponji ngumu isiyonywa maji tutaitumia hiyo. Mmoja akajibu, "Fundi, sasa hivi waume zetu wanavaa fulana tu."

Wanaume ndio walikuwa tatizo.

Walikusanyika ufukweni mchana, wakati wa kutengeneza nyavu. Aliyewasemea alikuwa Bwire, nahodha, mtu wa Mara, mwenye mabega mapana na kovu la kamba kwenye kiganja. Ndiye aliyekuwa na Masalu siku ile. Yeye alishikilia dumu tupu la mafuta mpaka boti jingine likamwokota.

"Fundi, tunakuheshimu, umetoka mbali," Bwire akasema. "Lakini hiki kitu kina joto. Kinanasa kwenye wavu. Na mtu akivaa hiki anapoingia majini, ameshaliambia ziwa kwamba yuko tayari. Sisi hatuongei na ziwa hivyo."

Wenzake wakaitikia kwa kichwa. Nikaanza kueleza habari za tofali na pipa, nikaona macho yao yakirudi kwenye nyavu.

Kabula akasimama. Kwa mara ya kwanza tangu nifike, aliteremka mpaka kwenye mchanga uliolowa.

"Shemeji Bwire," akasema, "mimi sikuombi uvae ili usife. Kufa ni siri ya Mungu na wewe. Naomba uvae ili mkeo akuzike."

Akaonyesha majani yaliyokwama mchangani miguuni pake.

"Mimi kila asubuhi nakuja kutazama majani haya yaliyosukumwa na maji. Nikiona nguo, roho inaruka. Nikikuta si yake, sijui nifurahi au nilie. Watu wananiita mjane. Mjane ana kaburi la kupalilia. Mimi nina nini? Kama Masalu angekuwa na hizi chupa kifuani, hata kama amekufa, maji yangemleta. Ningemwosha. Ningemjua."

Bwire aliweka chini sindano ya kushonea wavu. Akatazama maji, akaondoka bila kuaga, na wenzake wakamfuata mmoja mmoja. Mimi nikamkasirikia dada yangu. Nilimwambia amewatisha, amewatajia kifo watu waliokuwa wanakikimbia.

"Sijawatisha," akasema. "Wanakijua. Nimewaambia kinachobaki nyuma yao, hicho ndicho hawakijui."

Asubuhi nilikuta Bwire amekaa mlangoni kwa Kabula, boya mkononi, na mkewe amesimama nyuma yake kama askari.

"Bega linakwaruza," akasema bila salamu. "Nikivuta kamba linanikata hapa. Na hizi kamba za pembeni ndizo zinazonasa wavu."

Jamani, sijawahi kufurahia lawama kiasi kile. Nilimvalisha, nikamwambia avute kamba ya nanga kama yuko kazini, nikamtazama mabega. Nikachimba mkato wa kwapa zaidi. Kamba za pembeni nikaziondoa, nikaweka mikanda mifupi inayofungwa mbele na kubaki ndani, pasiwe na kitu cha kuning'inia. Chupa za tumboni nikazipandisha kifuani ili aweze kuinama. Alivaa, akaingia majini mpaka shingoni mbele ya watu wote, akakunja miguu. Maji yakampokea, yakamsukuma juu, akabaki pale akielea na uso wake ukiwa umetazama mbingu. Alikaa hivyo muda mrefu kuliko majaribio yalivyohitaji. Alipotoka, macho yake yalikuwa mekundu, na sidhani yalikuwa maji ya ziwa peke yake.

"Andika jina langu," akaniambia. "Mgongoni. Herufi kubwa."

Kuna rangi ya kuandikia majina ya mitumbwi kisiwani. Nikaandika BWIRE. Mwingine akaja kurekebishiwa bega lake, naye akataka jina. Kisha wakawa wanapanga foleni, wakibishana nani aandikwe jina la baba na nani la utani, wakicheka kama watoto wanaogawiwa jezi. Si wote waliokuja. Wapo waliopita mbali na kututemea mate pembeni, na wapo wenye mitumbwi waliosema hawataki mambo hayo kazini kwao. Siwezi kuwadanganya kwamba kisiwa kizima kinavaa. Wanawake ndio wanaendelea kubishana nao sasa, na kwa jinsi nilivyowaona, wanaume wale hawana raha.

Kurudi

Siku ya kuondoka Bwire ndiye aliyejitolea kunivusha. Tulikuwa tumeshapakia, nimeshaagana na Kabula nyumbani kwake, na mtumbwi unasukumwa, niliposikia wanawake juu kwenye vichanja wakimwita Kabula. Alikuwa anateremka. Amevaa boya juu ya gauni la kwenda kanisani, na mkononi ana kifurushi cha nguo.

Alisimama maji yalipomfika vifundoni. Injini ilikuwa inaunguruma. Kabula akaangalia maji kwa muda. Kisha akaninyooshea mkono, nikamvuta ndani.

Alifumba macho toka kisiwani hadi Nkome. Palipokuwa na wimbi alinibana vidole mpaka vikafa ganzi. Katikati ya maji Bwire alipunguza mwendo, akasema kwa upole, "Ni hapa, shemeji." Kabula alifumbua macho. Palikuwa ni maji tu, kama mahali pengine pote. Alichota kidogo kwa kiganja, akayaachia yarudi, akasema jina la mumewe mara moja. Tukaendelea.

Nkome hakulivua boya. Nilidhani amesahau. Tukapanda gari la Geita akiwa bado amelivaa. Kalangalala tulimpitia Mama Zawadi, akamlisha wali na hakuuliza chochote, ila alimkagua vifuniko vyake kimoja kimoja. Kwenye basi la Kahama konda akashindwa kuvumilia.

"Mama, huku hakuna ziwa."

"Najua, mwanangu," Kabula akajibu, na akageukia dirisha.

Alilivaa njia nzima, Kahama, Shinyanga, mpaka Songwa. Tulifika jua likiwa bado juu. Mama yetu haoni vizuri siku hizi. Alikuwa amekaa barazani anachambua mchicha. Kabula alipiga magoti mbele yake.

"Mwadila, mayu," akamsalimu mama kwa Kisukuma.

Mama alipapasa uso wake, akashuka mabegani, mikono yake ikakuta zile chupa. Akazigonga kwa kidole.

"Nini hiki ulichovaa, mwanangu?"

"Ni cha kuvukia, mayu."

"Si umeshavuka?"

Mama akatafuta mikanda kwa vidole vyake vya kizee, akaifungua mwenyewe, mmoja baada ya mwingine, akamvua boya na kuliweka juu ya mkeka. Ndipo dada yangu alipolia. Majirani zake kisiwani walikuwa wameniambia kwamba tangu msiba hawajawahi kumsikia akilia. Songwa alilia mpaka watu wakatoka kwenye nyumba zao, na walipojua ni nani, wakaja mmoja mmoja na kukaa naye chini, kama wanavyokaa watu kwenye matanga ya siku ya kwanza. Mama alimshika kichwa mapajani, na hakuna aliyemwambia anyamaze.